Tulisikia Kwanza Kutoka Hakurya

Redio ya baba ilikula mawe sita. Betri, ukipenda, lakini kwetu Cyangugu hakuna aliyesema betri. Kwa Kinyarwanda ni amabuye ya radiyo, na wenzetu wa Bukavu, upande wa Kongo, nao walisema mawe. Yakichoka tuliyaanika juu ya bati, kando ya samaki tuwaitao sambaza, na jioni yalirudi na uhai wa nusu saa hivi. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza na kumfukuza paka. Sambaza wakipungua nilikuwa na kesi kwa mama, mawe yakilowa mvua nilikuwa na kesi kwa baba.

Nusu saa ile haikuchezewa. Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, ilikuwa na Dira ya Dunia saa kumi na mbili na nusu jioni kwa saa za Afrika Mashariki. Sisi, pamoja na Bukavu, tunafuata saa za Afrika ya Kati, kwa hiyo kwetu ilikuwa kumi na moja na nusu, jua bado liko juu ya ziwa. Mtangazaji akitaja saa, baba alitoa moja kwa sauti, kila siku, kama anayemsahihisha mgeni asiyejua adabu za nyumba. Habari zikiisha alizima. Mawe yaliyobaki yalikuwa ya Radio Rwanda, ya matangazo ya usiku.

Radio Rwanda ilizaliwa 1961, mwaka mmoja kabla ya uhuru, na kwa miaka thelathini hivi haikuwa na mshindani nchini. Watu huikumbuka kwa hotuba na taarifa za habari. Mimi naikumbuka kwa vifo. Mtu alilipia tangazo, likasomwa: fulani wa kilima fulani amefariki, anaarifiwa kaka yake aliye Kibungo, dada yake aliye Butare, mazishi siku fulani. Mama aliacha kuchambua maharage mpaka orodha iishe. Simu hazikuwapo vilimani, barua ilichukua wiki, na maiti hasubiri. Hata jirani asiye na redio alikuja kukaa mlangoni saa hiyo. "Ongeza kidogo, mutoto," walisema, "huku nyuma hatusikie."

Unanijua kwa masikio, basi, kabla hujanijua kwa uso. Lakini ili uelewe kwa nini mshale wa redio yetu ulikuwa na tabia ya kuhama, lazima usimame pale ziwa Kivu linapomwagika na kuwa mto Rusizi. Upande huu Cyangugu. Upande ule Bukavu, mji mkubwa uliotandazwa juu ya rasi zake, ambao Wabelgiji waliuita Costermansville. Mpaka ulichorwa na Wazungu mjini Brussels mwaka 1910. Kigali iko ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, safari ya siku nzima enzi hizo. Bukavu ni kuvuka daraja. Hakurya, tunasema kwa Kinyarwanda, yaani ng'ambo, na ukisema hakurya bila kutaja jina hakuna atakayekuuliza ni wapi.

Kwa hiyo kwa muziki tuligeukia hakurya. Wanamuziki Franco na Tabu Ley walituingia nyumbani bila pasi wala kibali cha CEPGL, ile jumuiya ya Rwanda, Burundi na Zaire (Kongo ya leo) iliyoundwa 1976 na kurahisisha uvukaji wa wachuuzi. Kilingala hatukukielewa. Tulikiimba tu, tukibuni maneno, na mpaka leo kuna nyimbo ambazo nazijua zote kwa lugha isiyokuwepo. Orchestre Impala walipokuja kutawala Rwanda miaka ya 1980 na nyimbo zao za Kinyarwanda, masikio ya Cyangugu hayakushangaa: zile gitaa tulikuwa tumeshazizoea, zilikuwa zimevaa tu nguo za nyumbani. Leo wanaziita karahanyuze, na kwenye baa za Kamembe, hapa hapa Cyangugu, zikipigwa wazee hunyamaza katikati ya sentensi.

Kiswahili nacho kiliingia kwa mlango huo huo. Kwingine Rwanda kilikuwa lugha ya Waislamu, ya askari na ya madereva, na kumwita mtu umuswahili kulimaanisha Mwislamu, au mjanja wa mjini usiyemkopesha fedha. Sisi tulikihitaji sokoni. Bunge lilipokifanya lugha rasmi mwaka 2017, muuza nyanya wa Kamembe nadhani hakusimama hata dakika moja kusherehekea. Alikuwa akibishana bei kwa lugha hiyo tangu utotoni.

Kulikuwa pia na sauti isiyohitaji mawe: ya wavuvi wa sambaza. Samaki hao hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi wao ukajenga desturi yake: mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti mirefu, karabai zimewashwa kuwavuta samaki, wavu chini yake. Wakienda kazini jioni wanapiga kasia kwa wimbo. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia, na makasia yanaingia majini pamoja penye kiitikio. Maji hubeba sauti kuliko hewa ya bondeni. Kutoka kwetu kilimani tulisikia kiitikio kizima huku mitumbwi yenyewe ni vitaa tu, na huwezi kujua hao ni wa kwetu au ni wa Kongo.

Mwezi wa Julai 1993 ikaja redio mpya, RTLM. Lazima niseme ukweli usiopendeza: tuliifurahia. Radio Rwanda ilikuwa inakohoa kama karani wa serikali. Hii ilicheka, ilitania, ilipiga muziki wa Zaire tuliokuwa tukihangaika kuutafuta hakurya. Vijana walikuja kwa ajili ya rumba. Katikati ya nyimbo kulikuwa na maneno, na maneno yakazidi nyimbo, na Aprili 1994 redio ile ile ilikuwa ikichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi na kuelekeza wauaji. Hapa kwetu watu waliotafuta usalama walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka, na wapo waliochukuliwa humo wakaenda kuuawa. Sebanani André wa Impala aliuawa mwaka huo. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani Nahimana na Barayagwiza, waasisi wa RTLM. Ya nyumba yetu sitayaandika hapa. Nitasema tu kwamba baada ya hapo baba hakuniruhusu kuacha redio ikipiga muziki nikiwa natoka chumbani.

Agosti 1994 sauti ikatoka tena hakurya, safari hii ikiwa na jina la ndege. Radio Agatashya, yaani mbayuwayu, ilianza kurusha kutoka Bukavu, mji uliokuwa umefurika wakimbizi wa Rwanda. Mwaka huo huo BBC ikaanzisha Gahuzamiryango, mwunganisha familia. Majina yakasomwa tena. Fulani wa kilima fulani yuko kambi fulani, anamtafuta mama yake. Mama yangu aliacha tena kuchambua maharage. Mpangilio ulikuwa ule ule wa zamani, jina, kilima, ndugu, isipokuwa sasa aliyetajwa alikuwa hai, na hilo lilimliza kuliko matangazo yote ya vifo aliyowahi kuyasikia. Agatashya ilinyamazishwa na vita vya Kongo vya 1996.

Siku hizi Kamembe ina Radio Rusizi yake, na stesheni za FM za Bukavu zinaingia safi kuliko za Kigali. Nikisimama dirishani jikoni, simu yangu inahamia mtandao wa Kongo bila kuniomba ruhusa, salio linaliwa, narudi hatua mbili kwenye jiko nikawa Rwanda tena. Mawe hayauzwi sana. Usiku nasikiliza redio za Dar kwenye simu hiyo hiyo. Saa mbili usiku, anasema mtangazaji. "Saa moja," namjibu, na mke wangu anauliza kutoka chumbani naongea na nani.