Mali bila Daftari: Sarafu za Kilwa na Thamani ya Mahali Zilipolala

Dinari ya fedha ya Roma ni shahidi msemaji. Mtu akiishika mkononi, asijue ilichimbuliwa wapi wala ilipita kwa nani, bado anaweza kuisoma: sura ya kaizari, jina lake, idadi ya mara alizoshika ukonsuli, na mara nyingi hesabu ya miaka ya mamlaka yake. Kwa hesabu hizo mjuzi wa sarafu huweza kuiweka katika mwaka mmoja au michache tu ya utawala wa Vespasian, kisha akafungua kitabu cha Suetonius na kusoma kaizari huyo alikuwa mtu wa namna gani. Hata madini yenyewe yanahadithia. Mizani inaonyesha jinsi Nero alivyoipunguza dinari uzito na ubora mwaka 64 BK, na jinsi, kufikia miaka ya 260, sarafu iliyoitwa ya fedha ilivyokuwa shaba iliyopakwa weupe. Kwa sababu hiyo, desturi ya kukusanya sarafu za Roma, yenye karne nyingi huko Ulaya, imejengwa juu ya kitu chenyewe: sura yake, uzito wake, uchakavu wake na uadimu wake. Mahali kilipotoka huhesabiwa kuwa habari ya nyongeza, nayo mara nyingi haiandikwi kabisa.

Makala haya yanadai kwamba desturi hiyo, ikihamishiwa Kilwa Kisiwani na pwani ya Lindi, inaifuta historia ambayo wakusanyaji wanasema wanaihifadhi. Sarafu ya Kilwa ni kipande kidogo cha shaba. Upande mmoja una jina la sultani. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu, yaliyochaguliwa ili yafuate kina cha jina hilo, hata Sulaiman akaitikiwa na sifa ya Mwenyezi inayoishia kwa sauti ileile. Msomaji aliyelelewa katika ushairi wa Kiswahili ataona mara moja kwamba aliyetunga maandishi haya alijua uzito wa vina. Lakini hakuna sura, hakuna mwaka, na jina la mji halikuandikwa. Majina ya masultani yanajirudia, mwana akaitwa jina la babu, na sarafu za aliyekwisha kufa ziliendelea kupita sokoni. Shahidi huyu anataja jina lake na dua yake, kisha ananyamaza. Mengine yote yamo katika udongo aliolala ndani yake: tabaka gani, nyumba ipi, pamoja na vigae gani na shanga gani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa sarafu za Kilwa, daftari ni ardhi.

Hoja hii haiwahusu Waswahili peke yao, kwani hata fedha ya Roma, ilipoingia katika Bahari ya Hindi, iliacha kujieleza yenyewe. Pliny, mwandishi wa Kirumi, alilalamika kwamba India ilikuwa ikiinyonya dola ya Roma sesterce milioni 50 kila mwaka. Lalamiko hilo lingebaki neno la mwandishi mmoja mwenye hasira, lau kusini mwa India kusingefukuliwa akiba za dinari ambazo nyingi ni za Augustus na Tiberius. Wingi wa sarafu za makaizari hao wawili, zilizotangulia punguzo la Nero, umewafanya wanahistoria waone kwamba wafanyabiashara wa India walijua kupima fedha na walichagua iliyo safi. Hapana dinari moja, hata iwe nzuri namna gani, inayoweza kutufundisha jambo hilo. Tumelijua kwa sababu sarafu nyingi zilionekana pamoja, mahali panapojulikana.

Pwani yetu ina ushahidi wake wa zama hizo, na ni ushahidi wa kutahadharisha. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza BK, kinaorodhesha bidhaa zilizoletwa Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania: mikuki, mashoka, visu, sindano nene za kutobolea na vitu vya kioo. Kilitaja pia divai na ngano, tena kikaeleza kwamba hizo hazikuletwa kuuzwa, bali kuwapendeza wenyeji. Kitabu hichohicho kinataja fedha ya Roma kinapofika bandari za India. Kwa Rhapta hakiitaji. Pembe za ndovu za pwani hii zilinunuliwa kwa chuma na kioo. Kwa hiyo, akitokea mtu na dinari ya kaizari akadai imetoka kwenye fukwe zetu, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Mfano wa Bur Gao, kusini mwa Somalia, unatosha. Mwanzoni mwa karne ya 20 afisa mmoja Mwingereza alikuja na sarafu alizosema amezipata huko, zikiwemo za Waptolemaio wa Misri na za makaizari wa Roma, zikiwa zimechanganyika na za watawala Waislamu wa karne za baadaye sana. Harold Mattingly wa British Museum alizichapisha mwaka 1932. Kila sarafu ni ya kweli na inasomeka vizuri, lakini kwa kuwa mahali zilipolala hapakurekodiwa kitaalamu, mwanaakiolojia Neville Chittick na wengine walizitilia shaka, na mpaka leo hakuna awezaye kujenga juu yake historia ya biashara ya Roma na Azania. Kusomeka kwake hakukuziokoa.

Mizani ya upande wa pili ni Mtambwe Mkuu, Pemba. Chittick, aliyeichimba Kilwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1974, alimweka Ali bin al-Hasan, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa nasaba ya Kishirazi, karibu na mwaka 1200. Sarafu zenye jina la Ali zilijulikana kwa wingi, ila zenyewe hazikuweza kumkanusha Chittick wala kumuunga mkono, kwa kuwa hazina mwaka. Mwaka 1984 ikafukuliwa Mtambwe Mkuu akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani, Ali bin al-Hasan akiwa miongoni mwao. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu, za Wafatimi wa Misri zikiwa miongoni mwake. Wafatimi waliandika mwaka kwenye sarafu zao, na mwaka wa karibuni kabisa uliosomeka ni 1066. Mark Horton na wenzake wakatoa hoja kwamba Ali aliishi katika karne ya 11, na mwanzo wa nasaba ukarudi nyuma kwa zaidi ya miaka mia. Tujiulize kingetokea nini lau akiba ile ingeangukia mikononi mwa mchuuzi. Dhahabu ingekwenda kwa wapenzi wa dhahabu, fedha ingegawanywa moja moja, na kila sarafu ingesalia salama katika kasha la mtu. Kisichosalia ni ule ujirani wa dhahabu ya Misri na fedha ya pwani, na ujirani huo ndio uliobadilisha historia yetu.

Songo Mnara, kisiwa jirani cha Kilwa, kimeongeza somo lingine. Wachimbaji wakiongozwa na Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher waliandika mahali pa kila sarafu waliyoiona katika mji huo uliokaliwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Sarafu hazikuwa vyumbani na mahali pa biashara tu. Nyingine zilikuwa kwenye eneo la makaburi. Hapo shaba ya sultani ilikuwa imetoka katika hesabu ya bei ikaingia katika kumbukumbu ya marehemu. Ilipatikana pia akiba moja ya sarafu zaidi ya 300 ikiwa katika tabaka lake. Ukizitoa sarafu hizo katika mashimo yake ukazipanga juu ya meza, ya kaburini na ya barazani zitafanana kabisa, na hakuna jicho la mtaalamu litakalozitenganisha. Hali ni hiyohiyo kwa sarafu moja ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Pale Kilwa ni moja kati ya nyingi. Ilipoonekana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita ndani ya bara, ikawa ushahidi wa mkononi wa mawasiliano kati ya Kilwa na nchi ya dhahabu.

Kisa cha Australia kinaonyesha mpaka wa ushahidi wa namna hii. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota mchangani, katika Visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, sarafu tisa: tano za Kilwa na nne za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki. Alitia alama kwenye ramani, na kwa hilo anastahili shukrani. Utambuzi ulifanyika mwaka 1979. Tangu hapo imeulizwa kama mabaharia wa Kilwa walifika Australia kabla ya Wazungu. Swali ni la kuvutia, ila sarafu hazina uwezo wa kulijibu. Mahali tunapajua kwa alama ya ramani. Tabaka hatulijui, wala hatujui kama zile tano na zile nne ziliangushwa siku moja. Sarafu za Kilwa zingeweza kusafiri na Mreno, Mholanzi au mvuvi wa Indonesia, karne kadhaa baada ya sultani kuzikwa. Nusu ya daftari imetupa nusu ya habari, na hatuna haki ya kuijaza nusu iliyobaki kwa fahari yetu.

Kuna mapingamizi matatu yanayostahili kujibiwa kwa haki. La kwanza ni kwamba wakusanyaji ndio walioziokoa sarafu hizi. John Walker alipochapisha mwaka 1936 orodha ya kwanza kubwa ya sarafu za masultani wa Kilwa, alitegemea vitu vilivyokuwa vimekwisha kukusanywa. Bila hivyo, majina ya baadhi ya masultani yangebaki katika tarikh ya Kilwa peke yake. Hilo ni kweli, na deni hilo lisikanwe. Lakini tuitazame kazi ya Walker ilifika wapi. Ilitupa majina. Mpangilio wa majina hayo katika wakati ulibidi usubiri udongo wa Kilwa na wa Mtambwe. Mkusanyaji alifanya alichoweza katika siku ambazo hakukuwa na mwingine wa kuifanya kazi hiyo. Leo wapo, na udhuru huo umekwisha.

Pingamizi la pili linasema sarafu za Kilwa ni nyingi mno, kwa hiyo moja ikiondoka hakuna kinachoharibika. Hoja hii inasahau kwamba wingi wenyewe ni ushahidi. Tunapotaka kujua kama shaba ilitumika na watu wote au ilibaki katika nyumba za mawe, kama sarafu za sultani fulani zilivuka hadi Mafia, au kama soko lilidorora kabla ya Wareno kuuteka mji mwaka 1505, tunahesabu zilizopo na zisizokuwepo, kila mahali kwa kiasi chake. Sarafu za kawaida ndizo zinazoibeba hesabu hiyo. Zikichotwa sehemu moja kwa miaka mingi bila kuandikwa, mwanahistoria wa kesho ataukuta uwanja mtupu na kuhukumu kwamba soko halikuwepo, kumbe lilichukuliwa mifukoni.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi kwa sababu linatoka kwa wenyeji. Bahari inazila kingo za kisiwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya hatari kuanzia 2004 hadi 2014, na mmomonyoko ulikuwa mojawapo ya sababu. Maji yakipwa, sarafu inaweza kuachwa wazi ufukweni. Mama anayeokota chaza au mvuvi anayevuta ngalawa akiiona, kwa nini aiache ichukuliwe na wimbi? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na hoja yangu haitaki ilegezwe. Lakini sheria inayojulikana kwa adhabu tu humfundisha mwokotaji kunyamaza, na kimya chake kinapoteza kile kile tunachotaka kukihifadhi. Uingereza tangu 1997 ina utaratibu wa kuandikisha vitu vilivyookotwa na raia. Mwaka 2010, huko Frome, mtu aliyegundua chungu chenye sarafu za Kirumi aliacha kuchimba akawaita wanaakiolojia. Walizitoa sarafu 52,503 tabaka kwa tabaka, wakaona kwamba nyingi za zile za mwisho kutengenezwa, za mtawala Carausius, hazikuwa juu bali chini zaidi ndani ya chungu. Kumbe akiba ile haikujazwa kidogo kidogo kwa miaka, ilimiminwa kwa pamoja. Hata huko kwenye sarafu zinazojisomea, siri kubwa ilikuwa katika mpangilio, nayo iliokolewa na raia aliyejua kusimama kwa wakati.

Kilwa inahitaji kitu kinachofanana na hicho kwa kipimo chake: daftari kisiwani penyewe, la Kiswahili, ambamo yeyote aliyeona sarafu aandikishe siku, mahali, kina cha udongo na vitu vilivyokuwa kando yake, bila kuogopa kuhojiwa kama mwizi, na jina lake lihifadhiwe pamoja na sarafu kwa heshima. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na uchimbaji wa msimu mmoja. Walioziandika sarafu hizi walijua kwamba kina cha upande mmoja hakikamiliki bila mwenzake wa upande wa pili. Jina la sultani lilipata mwenzake kwenye shaba ileile. Mahali lilipodondoka jina hilo ni upande wa tatu, nao bado uko mikononi mwa watu wa Kilwa kuuandika.