Al Jazirah Al Hamra: kijiji cha majini

Kaskazini mwa Dubai, katika Ras al-Khaimah, yapo magofu ya Al Jazirah Al Hamra. Nyumba zake za matumbawe, mithili ya zile za Lamu, zilihamwa mwishoni mwa miaka ya 1960, wakazi wake, wengi wao wazamia lulu, wakaelekea Abu Dhabi. Husimuliwa kwamba waliobaki ni majini.

Mkurugenzi Tobe Hooper aliegemea simulizi hizo katika filamu ya Djinn, iliyozinduliwa Abu Dhabi mwaka 2013. Kama katika hadithi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1839 kuhusu nyumba ya Usher, jengo ndilo litishalo, ijapokuwa hapa ni ghorofa jipya: mama aliyefiwa na mwanawe hajui kama anachokiona ni jini au wazimu wa msiba.