Kusadikika ni Nchi ya Nani?

Vitabu vingi husomwa, vikafungwa, vikasahauliwa. Vichache huzusha ubishi ambao kizazi kimoja hukirithisha kizazi kingine. Kimojawapo ni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichochapishwa mwaka 1951 na kusomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari nchini Tanzania. Sisi tuliokisoma tungali vijana huku Bariadi, wakati huo ikiwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga na tangu mwaka 2012 makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, hadi leo hatujaafikiana juu ya jambo moja: Kusadikika ni nchi ya nani?

Kwa faida ya mwanafunzi asiyekisoma, na tueleze kisa chenyewe kwa ufupi. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Waziri mmoja, Majivuno kwa jina na kwa tabia, amshtaki Karama mbele ya mfalme. Kosa la Karama ni kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea, Karama asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mambo yatakayoifaa nchi: wanne walikwenda katika pande nne za dunia, mmoja mbinguni, na mmoja ardhini. Kila mmoja alipata taabu njiani, akajifunza mema, akarudi nayo nyumbani. Na kila mmoja akatupwa kifungoni, ndiyo ujira wa utumishi wake. Jambo la namna hiyo likitokea mara moja ni msiba. Likitokea mara sita kwa utaratibu uleule, msomaji hushikwa na kicheko, kisha akakionea haya kicheko chake. Hiyo ndiyo kejeli ya Shaaban Robert, tamu mdomoni na chungu tumboni.

Sasa tuwasikilize wasomaji. Kundi la kwanza husema kuwa Kusadikika ni Tanganyika chini ya Mwingereza. Hoja yao ina nguvu. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926, kwanza katika idara ya forodha, na kitabu kilipotoka alikuwa bado mtumishi. Karani hawezi kumtaja bwana wake kwa jina. Basi aliipandisha nchi angani ili aiseme apendavyo. Wazee wa Usukumani waliliona jambo hilo kwa macho yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilileta huku mpango mkubwa wa maendeleo ya kilimo na mifugo, na pamoja nao amri nyingi: limeni matuta, punguzeni ng'ombe, lipeni kodi ya mifugo. Aliyeuliza sababu alihesabiwa mkaidi. Mwaka 1954 matawi ya TANU yalipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwaka 1958. Katika mwaka huo huo wa 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kuwakashifu kwa maandishi wakuu wa wilaya wawili, akatozwa faini. Msomaji aliyepita katika mambo hayo hakuhitaji kuambiwa Majivuno ni nani.

Kundi la pili hujibu kwamba kitabu hakimtaji mgeni yeyote. Mfalme ni wa Kusadikika, waziri ni wa Kusadikika, na waliofungwa ni wa Kusadikika. Kwa hiyo, wasema hao, mwandishi hakuisema serikali moja, bali aliisema tabia: ile tabia ya mwenye cheo kumwona aletaye habari ya kweli kuwa ni adui. Tabia hiyo haina rangi wala haina pasipoti.

Kundi la tatu ni la wahakiki, hasa wale wa miaka ya 1970 walioitazama fasihi kwa jicho la matabaka. Hao huona kuwa kejeli imeishia njiani. Karama aachiwa, wajumbe wafunguliwa, mfalme akubali nasaha, lakini kiti cha enzi chabaki palepale. Umma hauna sauti; wokovu watoka katika moyo wa mtawala. Watetezi wa mwandishi huwajibu kwamba Karama hakuomba huruma, bali alitoa hoja mpaka baraza likashindwa kumpinga, na kwamba mwaka 1951 hilo peke yake lilikuwa jambo kubwa.

Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza. Shuleni nilijibu kuwa Majivuno ni mkoloni, nikapata alama zangu, nikaridhika. Miaka ikapita, nikawa mtumishi wa umma. Katika ofisi moja niliyofanyia kazi, kijana mmoja alitumwa vijijini kuangalia hali ya chakula. Alirudi na taarifa iliyopingana na ile tuliyokwisha kuipeleka juu. Ikaamuliwa aandikiwe barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu. Aliyeitunga barua hiyo ni mimi, na kwa kuwa ni mtunzi wa mashairi, niliitunga vizuri. Mvua zilipokosekana, kweli yake ilionekana bila ya barua. Usiku mmoja nilikifungua tena kile kitabu, nikatafuta mahali pangu ndani yake. Sikuwa Karama, wala sikuwa miongoni mwa wale sita. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kicheko nilichokicheka shuleni hakikunijia tena.

Tangu hapo nimeacha kudhani kwamba wasomaji kutoafikiana ni dosari ya kitabu. Huku Usukumani hadhira kugawanyika ni jambo la desturi. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake husimuliwa kuwa ni waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja kikimpiga mwenzake vijembe kwa nyimbo, na watu huenda upande unaowavuta. Mshindi ni yule aliyevuta wengi. Mtu anaweza kuhama upande huu akaenda ule katika alasiri moja, wala haitwi msaliti. Na aliyeimbwa, hata wimbo ukimchoma, husubiri zamu yake ya kujibu kwa wimbo.

Kusadikika ni uwanja wa namna hiyo. Kwa kuwa mwandishi hakutaja jina la nchi, kila kizazi hulijaza chenyewe. Waliopata uhuru walijaza jina la mkoloni, nao walikuwa na haki. Waliofuata wakajaza majina mengine, nao hawakukosea. Lau Shaaban Robert angaliandika jina la Gavana, kitabu chake kingalikufa pamoja na ugavana mwaka 1961.

Walimu wenzangu katika kazi hii ya kulea fikra, kwenu nina ombi moja. Mnapofundisha kitabu hiki, wafundisheni vijana historia ya miaka ile, maana asiyeijua hawezi kupima ujasiri wa karani wa Tanga. Lakini msiufunge mjadala kwa jibu moja la mtihani. Mwanafunzi akisema Kusadikika ni koloni, mwulizeni ushahidi. Akisema ni mahali pengine, mwulizeni ushahidi vilevile, wala msimkemee. Shule itakayomwadhibu kijana kwa kuleta habari ngeni kutoka safari yake ya kusoma itakuwa imemwongeza mjumbe wa saba katika gereza la Kusadikika.