Alama kwa Sekunde: Istilahi ya Kasi na Shabaha

Alama kwa sekunde ni kipimo kinachoamua mshindi katika ulengaji wa vitendo, mchezo wa bastola na bunduki ambamo mshindani hukimbia, hupita vizuizi na kupiga shabaha kadhaa mfululizo. Jumla ya alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Kipima muda hulia kuanzisha zoezi, kisha hunasa mlio wa kila risasi hadi ya mwisho.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, liliundwa mwaka 1976 mjini Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Kaulimbiu yake ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas, hutaja usahihi, nguvu na kasi. Neno la kwanza lingefaa zaidi kuitwa umakini, maana usahihi ni matokeo yanayoonekana kwenye shabaha, ilhali umakini ni kazi ya mlengaji mwenyewe.

Shabaha ya boksi ina maeneo matatu. A ni alama 5. C ni 3 na D ni 1 kwa risasi hafifu, au 4 na 2 kwa risasi nzito. Kukosa kabisa hukata alama 10. Tuseme zoezi lina shabaha nane, risasi mbili kila moja, zote hafifu. Mlengaji wa kwanza anapiga A zote 16 kwa sekunde 20: alama 80, yaani 4.00 kwa sekunde. Wa pili anapata A 12 na C 4 kwa sekunde 16: alama 72, yaani 4.50. Wa tatu anamaliza kwa sekunde 14, lakini ana A 8, C 4, D 2 na mbili zilizokosa: zinabaki alama 34, yaani 2.43. Wa pili ndiye mshindi, ingawa hakuwa mwepesi kuliko wote wala hakulenga vizuri kuliko wote.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinaipa sekunde bei. Kwa mlengaji wa pili, sekunde moja ni sawa na alama 4.5. C badala ya A inampotezea alama 2, chini ya nusu sekunde, kwa hiyo hakuna haja ya kurudia. Risasi iliyokosa inampotezea alama 15, zaidi ya sekunde tatu, na hapo kurudia ni lazima. Katika zoezi fupi la karibu, ambapo mtu hufikia alama 10 kwa sekunde, kosa hilohilo ni sekunde moja na nusu tu. Mizani ya kasi na shabaha hubadilika kila zoezi, na mlengaji hodari huipiga hesabu kabla ya kuanza. Juu ya yote kuna usalama: anayegeuza mtutu nyuma huondolewa mashindanoni.

Jina la mchezo huu kwa Kifaransa husisitiza kasi peke yake, nalo linaweza kumpotosha msomaji wa Gitega au Muyinga, Burundi, aliyesomea lugha hiyo. Kirundi, lugha ya huko, kina kurasa, kitenzi kinachotumika kwa mshale na kwa risasi, na amanota, alama ambazo kila mwanafunzi anazijua. Kufasiri istilahi ya Kiingereza, hit factor, neno kwa neno kungeleta "kigezo cha mapigo", na mapigo humpeleka msomaji kwenye moyo. "Alama kwa sekunde" huonyesha hesabu yenyewe, kama "kilomita kwa saa" anayoisoma dereva wa lori anayeingia Muyinga kutoka Tanzania kupitia mpaka wa Kobero. Mwalimu wa michezo Gitega anaweza kuifundisha bila silaha yoyote: duara tatu za chaki ukutani, mipira ya matambara na saa ya simu vinatosha.

Istilahi hii ina mpaka wake. IDPA, chama kingine cha ulengaji kilichoundwa mwaka 1996 ambacho kanuni zake hutumika pia Kenya, katika uwanja wa Kirigiti, Kiambu, hakigawanyi chochote. Huko kila alama iliyopotea huongeza sekunde moja kwenye muda wa mshindani, na mwenye muda mfupi zaidi hushinda. Bei ya kosa haibadiliki. Kwa mfumo huo inafaa kusema "muda wa nyongeza", na "alama kwa sekunde" ibaki kwa IPSC.