Ramani za kuchongwa za miji yenye ngome

Ramani ya mji iliyochongwa kwenye bamba la shaba haipaswi kusomwa kama shahidi wa mwaka iliochapishwa. Juzuu ya kwanza ya Civitates Orbis Terrarum (Köln, 1572), kazi ya mhariri Georg Braun na mchongaji Frans Hogenberg, inaonyesha Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala pamoja. Mwenye kuitafuta humo Ngome ya Yesu ya Mombasa ataikosa: ujenzi wake ulianza 1593. Huenda mtu akadai kwamba Wazungu waliibahatisha Afrika, ila miji yao waliichunguza. Hoja hiyo haisimami, maana juzuu hiyohiyo inaipa London mnara mrefu wa kanisa la St Paul's, ulioteketea kwa radi mwaka 1561. Wachongaji walinakili michoro ya zamani, hata ya mji mkubwa kama huo.