Rolex Haihitaji Pasipoti

Kule Denmark kuna mikahawa ambako unaketi, unashika kisu na uma, kisha unakula kipande cha mkate mweusi kilichopakwa siagi na kurundikwa samaki juu. Mkate haufunikwi. Wanakiita smørrebrød. Niliposikia habari zake nilicheka, nikaikumbuka Busia yetu. Huku mkate ni chapati, mayai yanalazwa juu, halafu yote yanakunjwa. Na unakula umesimama.

Inakunjwa kwa sababu mlaji wa mpakani yuko njiani.

Pwani iliwajua Wahindi kitambo, lakini huku bara chapati ilipanda na reli. Kati ya 1896 na 1901, Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kujenga njia ya Mombasa hadi Kisumu. Iliitwa Reli ya Uganda, na haikuwa kosa: Kisumu wakati huo ilikuwa Uganda. Hata Busia. Mwaka 1902 mstari ukasogezwa na babu zetu wakajikuta nchi nyingine bila kuhama nyumba.

Rolex yenyewe ilitoka ng'ambo. Wanafunzi wa Makerere waliizoea pale Wandegeya, Kampala. Jina halihusu saa ya mkononi. Ni Kiingereza cha mayai yaliyokunjwa, kikitamkwa mbio mbio. Ikavuka kama vitu vyote vinavyovuka hapa, juu ya boda boda, ambayo nayo ilizaliwa kwenye mpaka huu huu.

Senje wangu aliuza rolex upande wa Kenya. Jiko la makaa, kikaangio kipana, kikombe cha plastiki cha kupigia mayai na vitunguu. "Mayai ngapi, ssebo?" Wateja wake walikuwa madereva wa malori waliokwama foleni, na foleni ndiyo iliyonilipia karo. Februari 2018, Marais Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha forodha Busia. Malori yakaanza kupita upesi. Sisi sote tulipiga makofi, isipokuwa senje. Alikuwa akihesabu mayai yaliyobaki.

Mwaka 2020 foleni ilirudi, safari hii ya kupimwa korona. Watu waliwakimbia madereva kana kwamba wao ndio ugonjwa. Majirani walimkanya senje asiwauzie. Akafunga leso mdomoni, akawasha jiko. "Hawa ndio walikusomesha," aliniambia. Sikuwa na jibu, na bado sina.

Siku hizi nikipita Busia huwa nanunua rolex mbili. Ya Uganda natiliwa ndani ya kavera. Ya Kenya, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, nafungiwa kwa gazeti. Ukizifungua, ndani ni ile ile: chapati, mayai, nyanya, kabichi. Mpaka wote uko kwenye karatasi ya kufungia.