Zijue gharama zako kabla ya kukubali bei

Dalali akifika shambani Mang'ola na kutaja bei ya gunia la vitunguu, mkulima asiyejua gunia moja limemgharimu kiasi gani hujibu kwa kubahatisha. Hapa tunaeleza aina za gharama ambazo mkulima, mfugaji au mwenye duka anapaswa kuzitenganisha.

Gharama zisizobadilika

Hizi unalipa uuze usiuze: kodi ya pango, leseni, mshahara wa mlinzi. Wenye nyumba za wageni mjini Karatu wanazifahamu vizuri. Wakati wa masika watalii wa kwenda kreta hupungua, lakini kodi haipungui. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona uliposimamisha safari za ndege, watalii walioingia Tanzania walishuka kutoka takribani milioni 1.5 mwaka 2019 hadi laki 6 na kidogo. Vitanda vilikaa vitupu, kodi ikabaki pale pale.

Gharama zinazobadilika

Hizi hupanda na kushuka kufuatana na kazi. Kwa mama lishe ni mchele, mafuta na mkaa. Kwa mkulima wakati wa mavuno ni magunia, vibarua wa kung'oa na kukata majani, na ubebaji.

Gharama zilizojificha

Hizi wengi huzisahau. Nguvu zako na za watoto wako shambani ni gharama. Uchakavu wa pampu ni gharama pia, kwani ipo siku utanunua nyingine. Mfugaji wa Ngorongoro anayeleta mbuzi mnadani Karatu ahesabu nauli, chakula cha njiani na siku alizopoteza. Ndani ya hifadhi kilimo hakiruhusiwi, hivyo fedha ya mbuzi ndiyo inayonunua mahindi. Akikosea hesabu, familia inapungukiwa chakula.

Tupige hesabu

Huu ni mfano tu. Weka namba zako. Ekari moja ya vitunguu imekula shilingi 2,400,000 kabla ya kuvuna: kukodi shamba 500,000, mbegu, mbolea na dawa 1,000,000, maji na vibarua 900,000. Unatarajia magunia 60, na kila gunia litahitaji 10,000 za kuvuna, kufungasha na kubeba, yaani 600,000. Jumla ni 3,000,000. Gawanya kwa 60: gunia moja limekugharimu 50,000. Chini ya hapo ni hasara.

Sasa mnunuzi anataka lumbesa. Vitunguu vile vile vinajaza magunia 50 tu. Gharama ya kila gunia inapanda hadi 58,000. Ukiuza kwa 50,000 ukidhani umerudisha fedha yako, umepoteza 400,000. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupiga vita lumbesa: inakula jasho la mkulima bila bei kuonekana imeshuka.

Je, bei ikianguka hadi 40,000 kwa gunia la kawaida? Zile 2,400,000 zimekwishatumika. Kukataa kuuza hakuzirudishi. Kinachobaki kuamuliwa ni zile 10,000 za kila gunia. Ukiuza, unabakiwa na 30,000 kwa gunia, jumla 1,800,000, na hasara yako ni 600,000. Ukiviacha vioze, unapoteza zote 2,400,000. Kama una ghala zuri na hudaiwi, unaweza kusubiri, lakini hesabu pia vitakavyooza na gharama ya kuhifadhi. Bei ikishuka chini ya 10,000, hata kuvuna ni kuongeza hasara.

Cha kufanya

Nunua daftari. Andika kila shilingi siku inapotoka, hata nauli ya bodaboda. Tenga kurasa tatu: zisizobadilika, zinazobadilika na zilizojificha. Dalali akija, fungua daftari kwanza, ndipo mzungumze bei.